Nimepokea, Afande

Mimi si mtu wa kutishwa na upepo. Nimekulia kwenye kambi ya magereza Jinja, nimelala utoto wangu wote nikisikia filimbi na mageti ya chuma, na hadi leo mtu akiniletea habari za mashetani namwambia aende akapumzike. Kwa hiyo ukifika katikati ya maneno haya ukaanza kunicheka, cheka tu, hata mimi ningecheka. Lakini kilitokea. Kilitokea mchana kweupe, nikiwa sijanywa chochote zaidi ya chai, na kuna mtu wa nyumbani kwetu ambaye hayupo leo kwa sababu yake.

Kwanza nikueleze kuhusu Kiswahili changu, maana bila hicho hakuna la kusimulia. Uganda si kila mtu anakipenda Kiswahili. Wazee wengi wakikisikia wanakumbuka wanajeshi waliokuwa wakigonga milango, na vijana wengi hawakijui kabisa. Sisi wa kambini ndio tuliolelewa nacho. Baba yangu ni Mteso, mama ni Msoga, jirani wa kulia alikuwa Mwacholi na wa kushoto Mgisu. Sasa watoto wote hao wangeelewana kwa lugha gani? Shuleni Mpumudde, hukohuko Jinja, walituita watoto wa maaskari na kutuigiza tunavyosema, mimi nikawa napigana nao kila wiki.

Baba alikuwa askari wa magereza, na zamu yake ikiisha hakuondoka tu getini na kwenda zake. Anayekuja alisimama mbele yake akauliza, "Lindo namna gani?" Anayetoka alijibu, "Hakuna kitu. Pokea." Na yule mpya akasema, "Nimepokea, afande." Neno hilo lisiposemwa huondoki, hata mvua inyeshe, hata mkeo awe anajifungua. Sisi watoto tuliligeuza mchezo, kisha likawa sheria ya nyumba. Ukiachiwa sufuria ya maharage, au kichanga, huna ruhusa ya kutoka mpaka mwenzako aseme amepokea. Mama akitaka kwenda bombani alituambia tu, "Nipokeeni kidogo," na sisi tunajibu huku tunaendelea na yetu. Mdomo ulizoea, akili haikuwa na kazi pale.

Basi. Mwanangu Daudi alikuwa na miezi mitano nilipokwenda Mbale kumtembelea wifi yangu Nambozo, dada wa mume wangu, anayeishi mtaa wa Nkoma. Mtoto yule, jamani, alikuwa hataki chupa. Tulijaribu chupa za kila aina, kijiko, kikombe, alitema kila kitu na kulia mpaka anakosa pumzi. Alitaka ziwa la mama yake tu. Kwa miezi mitano nilikuwa sijaenda popote peke yangu, hata kanisani nilikaa nyuma karibu na mlango.

Nambozo akanionea huruma. Akanionyesha picha kwenye simu yake: bwawa la zamani la maji, juu ya mji, limejificha kwenye bonde lenye msitu, maji yametulia na nyuma yake jabali la Wanale limesimama. "Nenda ukanyooshe miguu, wifi," akaniambia. "Saa moja kwenda, saa moja kurudi. Nitakaa naye." Nilimnyonyesha Daudi akalala, nikaondoka saa nne asubuhi. Hesabu yangu ilikuwa moja tu: kabla ya saa saba niwe nimerudi, aamke anikute.

Boda boda ilinifikisha mwisho wa barabara ya vumbi, nikaanza kupanda kwa miguu. Nitakwambia ukweli, ile safari ilikuwa nzuri. Nilipita kwenye migomba na mibuni, nikasalimiana na akina mama waliokuwa wanapalilia, "Mulembe," nao wakaniitikia, "Mulembe." Halafu nyumba zikaisha, miti ikakaribiana, njia ikawa ya baridi. Nikawa naimba kwa sauti. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyefunguliwa, wewe acha.

Bwawa lilikuwa zuri kuliko picha. Ukuta wa zege wenye ukungu wa kijani ulikata bonde upande mmoja, maji yamelala nyuma yake, miti imeinama pande zote kuyatazama. Mwanzoni mwa ukuta kulikuwa na kibanda cha bati, na mbele ya kibanda amesimama mzee mmoja aliyevaa kabuti refu la kijeshi, amefunga vifungo hadi shingoni. Kwa jua lile! Mkononi ana rungu.

"Simama hapo!" akasema kwa Kiswahili.

Mtu mwingine angeondoka. Mimi, mjinga, nilifurahi. Nilikuwa nimekaa siku nne Mbale nikisikia Kigisu na Kiganda, na hapa mtu ananifokea kwa lugha ya nyumbani. Nikasimama wima kama tulivyokuwa tunafanya utotoni. "Nimesimama, afande!"

Akanisogelea hatua mbili. "Wewe toto ya kambi?"

"Ndiyo, afande. Magereza, Jinja."

Unajua alifanya nini? Alilia. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Nikajisemea, maskini, wamemtupa huku peke yake, hata wa kuzungumza naye hana. Nikampa chupa yangu ya maji, akaishika tu. Akaniuliza kama wakubwa wamerudi. Nilidhani anaulizia wakubwa wa maji, nikamwambia mimi mgeni, sijui. Akatikisa kichwa, akatazama njia niliyopandia. Kisha akasema kwa sauti ndogo, kwa adabu, "Binti, nipokee kidogo. Mimi nataka kwenda kojoa tu."

Nilikuwa nimeshatoa simu natafuta mahali pazuri pa kupigia picha. "Nimepokea, afande," nikamjibu.

Ndivyo nilivyosema. Hakunilazimisha wala hakunidanganya kwa lolote. Mdomo wangu mwenyewe.

Akavua lile kabuti akaniwekea mabegani, akaegemeza rungu kwenye mguu wangu. Kabuti lilikuwa zito na ndani lilikuwa limelowa, baridi yake ikaniingia kwenye uti wa mgongo. Nikageuka nimwambie sihitaji. Alikuwa anashuka njia taratibu, mikono inaning'inia, amevaa shati tu. Alifika penye kona hatua ishirini chini yangu. Kona ilibaki pale, yeye hakuwapo tena. Hakupinda. Niliitazama ile kona bila kupepesa, niamini, hakupinda.

Nikangoja. Dakika kumi, ishirini, nusu saa. Hasira zikanipanda. Nikasema, mzee huyu ameniona mimi mjakazi wake, nikalitupa kabuti chini, rungu juu yake, nikaanza kushuka. Nilipita ile kona, nikapita jiwe kubwa nililopumzikia wakati wa kupanda, nikasikia jogoo, nikaona hata paa la bati linang'aa katikati ya migomba. Nikaongeza mwendo. Njia ikapinda kushoto, nikapinda nayo, na mbele yangu kukawa na ukuta wa zege wenye ukungu wa kijani. Nilikuwa natoka upande wa juu. Na kabuti lilikuwa mabegani mwangu, rungu mkononi.

Utafanya nini wewe? Mimi nilicheka. Halafu nikashuka tena mbio, nikaanguka, nikachubuka goti, nikatokea palepale. Mara ya tatu nikafikiri, maji haya yanakwenda mjini, nifuate bomba. Nilishikilia bomba kwa mkono, sikuliachia hata pale lilipopita kwenye miiba, na bomba lilinirudisha kibandani.

Saa saba ikapita. Maziwa yakaanza kushuka. Akina mama watanielewa: mwili unajua saa ya mtoto kuliko hata kichwa. Blauzi ililowa, matiti yakawa mawe, nikajua kule Nkoma Daudi ameamka na analia. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mpaka dakika ile nilikuwa na hasira tu.

Simu ilishika mtandao. Nikampigia Nambozo, nikamwambia nimepotea niko bwawani, aje anifuate. Hakuuliza mengi kwa sababu nyuma yake nilikuwa namsikia mtoto anavyopiga kelele. "Nakuja naye," akasema. "Amekataa kila kitu."

Walifika karibu saa tisa. Nilimwona Nambozo anapanda, amemfunga Daudi mgongoni kwa kitenge chekundu, jasho linamtiririka. Nikapiga kelele, nikakimbia kumlaki. Safari hii miguu yenyewe iliishia mwanzoni mwa ukuta, haikuenda mbele. Hatua kumi zilibaki kati yetu. Naye Nambozo akasimama ghafla na kurudi nyuma kidogo, kama anavyofanya mtu akiona bunduki.

"Mulembe, mzee," akasema. Kisha akauliza kwa Kigisu kama nimemwona mwanamke mgeni amepita hapa.

Mzee! Mimi! Nikamwambia, "Nambozo, ni mimi, wifi yako," na hapo nikasikia sauti iliyotoka kinywani mwangu, nene, ya kukwaruza. Nilijaribu Kigisu changu kibovu, nikajaribu Kiganda, Kiingereza cha shule. Kila nilichokifungulia mdomo kilitoka Kiswahili. Nikaona uso wake unabadilika. Nambozo hajui Kiswahili, anachojua ni kwamba babu yake alichukuliwa na watu waliokuwa wanakisema. Mikono yake ikaenda nyuma ikamshika mtoto.

Akatoa simu, akanipigia. Simu ikalia mfukoni mwa kabuti. Nikaipokea, na kwenye simu, sijui kwa nini, sauti ilikuwa yangu, na Kigisu changu kibovu kilitoka.

"Wifi, uko wapi?" akaniuliza. "Niko bwawani. Hakuna mtu. Kuna askari mzee tu, na ananitazama vibaya."

"Ni mimi," nikamwambia. "Huyo unayemtazama ni mimi."

Nilimwona anasikiliza, macho yake yako kwangu, anamwona mzee ameshika kitu sikioni na midomo inakwenda. Na Daudi, mwanangu, alikuwa amegeuza shingo kwenye kitenge, ananyoosha mkono upande wangu na kulia. Yeye alinijua. Wewe unaweza kuelewa hilo? Mtoto wa miezi mitano alinijua, na mimi nilisimama na maziwa yanadondoka hadi tumboni, hatua kumi, nisiweze kumfikia.

Nitakwambia jambo ambalo sikumwambia hata mume wangu. Neno lilinijia mdomoni. Nipokee. Nambozo hajui Kiswahili lakini jibu lake, nimepokea, ungeweza kumfundisha: sema baada yangu, wifi, sema tu. Nilishaanza, "Nambozo, sema..." kisha nikaona kile kitenge chekundu. Angelipokea lindo akiwa na mwanangu mgongoni. Nikafunga mdomo, nikainua rungu, nikamfokea aondoke. Akatimua mbio kushuka, na kilio cha Daudi kikapungua, kikapungua, kikaisha.

Nikakaa chini nikalia mpaka nikachoka. Halafu nikampigia baba, Jinja.

Baba yangu alikuwa amestaafu siku nyingi. Alikuwa na presha, magoti mabovu, na bustani ya mboga Mpumudde aliyoichunga kwa ukali wa gereza. Nilimweleza kila kitu kwa fujo, nalia. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza swali moja.

"Ulisema nini? Maneno yenyewe."

Nikamwambia.

"Kuna mtu aliachwa kwa lindo huko," akasema. "Siku zile za wanajeshi. Wakubwa wake walikimbia, hakuna mtu alienda kumpokea. Sisi tulisikia wakati wa mafunzo. Tulidhani wanatisha makuruta."

"Baba, mtoto hajala tangu asubuhi."

"Nasikia. Kaa hapo. Mimi nakuja."

Sikumwambia asije. Nilijua vizuri kabisa maana ya kuja kwake, kwa sababu mimi ni mtoto wa kambi, najua lindo linaachwaje. Ningeweza kusema baba, acha, nitatafuta njia nyingine. Nilisema, "Haraka, baba."

Alifika jua linazama nyuma ya miti. Alikuwa amevaa suruali yake ya khaki iliyopigwa pasi na viatu vya kazi, vimepakwa rangi hadi vinang'aa, sasa vimejaa matope. Magoti yalikuwa yanamtesa, nilimwona anavyoshika miti. Alipofika mwanzoni mwa ukuta alinitazama, na mimi najua alichokiona, aliona lile zee geni la kabuti. Lakini hakurudi nyuma. Akaniambia kwa upole, "Pole, mama." Ndivyo alivyoniita tangu nikiwa mdogo, mama.

Kisha akanyooka, akabana visigino. "Lindo namna gani?"

"Baba, hapana."

"Mimi nauliza lindo namna gani."

"Tutafute mtu mwingine, baba. Kesho asubuhi tutapata mtu."

"Mtu gani?" Akakasirika kabisa, sauti ya getini. "Mtoto wa nani? Mimi kazi yangu ilikuwa kulinda. Wewe kazi yako iko Nkoma inalia. Jibu afande!"

Nikajibu. Mungu anisamehe, nilijibu upesi. "Hakuna kitu, afande. Pokea."

"Nimepokea," akasema baba yangu.

Kabuti likalegea. Nikalivua likatoka bila shida, akanyoosha mkono akalichukua mwenyewe, akalivaa, akafunga vifungo kimoja kimoja. Nilitaka kumkumbatia, akanisukuma kwa kiganja. "Mwambie mama yako dawa ya presha nimesahau juu ya meza," akasema. "Asihangaike kuniletea. Kwenda sasa, giza linaingia."

Nilishuka. Njia ilikwenda ilikopaswa kwenda, ikapita kwenye mibuni, ikanifikisha barabarani. Saa mbili usiku nilikuwa Nkoma. Nambozo alinifungulia mlango akapiga yowe, akanikumbatia. Daudi alinyonya mpaka akalala na chuchu mdomoni.

Watu walikwenda kumtafuta baba. Polisi walikwenda, ndugu zetu wa Teso walikuja na malori mawili, wapiga mbizi waliingia majini. Walikuta bwawa, kibanda, na askari mzee ambaye hasemi na mtu. Wakasema lazima amezama. Mama alikataa matanga. Alisema hawezi kumlilia mtu ambaye hajaoneshwa maiti yake, na hadi leo sahani ya baba inawekwa mezani. Tangu siku ile hajaniuliza swali lolote juu ya bwawa. Ananisalimia vizuri, anamchezesha mjukuu wake, na haniangalii usoni.

Nimekwenda mara tatu. Yule aliyesimama pale si sura ya baba, ni lile zee la siku ile, kabuti lile, macho yale. Mara ya kwanza nilimwita, akaniambia, "Rudi nyumbani, mama." Mara ya pili alinitazama kwanza, kisha akasema, "Rudi nyumbani." Mara ya tatu alisema, "Simama hapo! Wewe nani?" Sijakwenda tena.

Kwa hiyo nakuonya. Ukitembea kwenye lile bonde ukakutana na mzee mwenye kabuti, msalimie kwa lugha ya mama yako, mpe maji, pita. Hana ubaya. Atakwambia amechoka, na ni kweli. Pengine atakumbuka kukwambia kwamba ana binti Jinja na mjukuu, na hilo pia ni kweli tupu; mjukuu mwenyewe sasa anakimbia. Akikuomba umpokee kidogo, hata kama ni dakika moja ya haja ndogo, usifungue mdomo.

Na wewe unayenisikiliza mpaka hapa Kiswahili unakijua, tena vizuri; neno la kumpokea baba ungelisema bila kufundishwa. Nimekwambia kila kitu ila njia ya kufika. Tafadhali usiniulize njia, kwa sababu nitakuelekeza.